Waalimu Wetu, na Watoto Waliozidi Wenzao kwa Akili

Tumeagizwa na kamati ya jubilei tuandike habari za jinsi waalimu wetu walivyofundishwa kazi yao, tangu siku za kwanza za Misioni hata leo. Habari hizo ni nyingi, nao wako wengine watakaoeleza majengo, na idadi ya shule, na majina ya wakuu wa vyuo. Sisi tumechagua jambo moja tu, ambalo haliulizwi mara nyingi. Mtoto aliyewazidi wenzake kwa akili alipoangukia mikononi mwa mwalimu, je, mwalimu yule alikuwa amefundishwa la kumfanyia? Kwa mtoto mzito twajua dawa nyingi: kurudia, kungoja, kuchora ubaoni, kumweka mbele karibu nasi. Lakini yule amalizaye hesabu kabla mwalimu hajaweka chaki chini, huyo tumezoea kumshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha kumwacha.

Tuanze Unguja, maana ndiko ulikoanza mwenendo huu. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Dakta Edward Steere wa Misioni ya UMCA walishuka Unguja, na haukupita muda mrefu Sultani Majid akampa Askofu watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi ya watumwa. Hao watano ndio waliokuwa shule. Walikuwa hawana baba wala mama wa kuwasemea, na mwalimu wao alikuwa bado anajifunza Kiswahili kama wao wenyewe. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879, akawa shemasi wa kwanza Mwafrika katika Misioni ile. Watoto wengine wakaja baadaye, walioopolewa na manowari za Kiingereza, Wayao na Wamakua na Wanyasa na makabila mengine, na shule ya wavulana ikawekwa Kiungani, kusini ya mji, ikaitwa St. Andrew's College.

Kiungani ndiyo mama wa vyuo vingi vya waalimu wa pwani na bara. Desturi yake ilikuwa hivi. Mtoto alipoletwa alifundishwa kusoma, na waalimu wakamtazama. Aliyeonekana mwepesi aliachwa na vitabu. Aliyeonekana mzito alifundishwa ufundi wa mikono. Wengine waliwekwa kwenye mtambo wa kupiga chapa, ambao Dakta Steere aliupenda sana. (Wala tusidhani kazi ile ilikuwa ya wajinga. Mtu apangaye herufi za risasi huyasoma maneno kinyumenyume, nasi twawajua watu wengi wenye vyeti ambao hawawezi kuyasoma yakiwa wima.) Kisha, katika wale walioachwa na vitabu, aliye hodari kupita wote alisimamishwa mbele ya watoto wadogo, awafundishe yale aliyojifunza yeye jana.

Jambo hili wazungu hawakulibuni Unguja. Walikuja nalo. Mwisho wa karne ya 18 kasisi mmoja, Andrew Bell, alikuwa msimamizi wa nyumba ya yatima huko Madras katika nchi ya Bara Hindi, naye akaona kwamba mvulana mkubwa aweza kuwafundisha wadogo. Joseph Lancaster akafanya mfano wake London tangu mwaka 1798, mwalimu mmoja akitawala mamia ya watoto kwa msaada wa watoto wenzao, walioitwa monita. Tangu mwaka 1846 serikali ya Uingereza ikaweka mtindo mwingine: kijana wa miaka 13 aliyefaulu darasani aliandikiwa mkataba wa miaka 5 chini ya mwalimu mkuu, mchana akifundisha, na nje ya saa za shule akifundishwa. Mtindo huu ulikuwa rahisi kwa gharama, na katika nchi isiyokuwa na mwalimu hata mmoja ndio uliowezekana. Bila huo hakuna shule moja ya kwetu ambayo ingefunguliwa. Twalisema hili mapema, msomaji asije akadhani tumekuja kuwashitaki wazee.

Na matunda yake yalikuwa makubwa. Cecil Majaliwa, Myao aliyetolewa utumwani, alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury katika chuo cha Mtakatifu Augustino, akarudi, na mwaka 1886 akaenda Chitangali upande wa Ruvuma kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1890 alipewa ukasisi, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kuupata. Tena alikuwako Kiungani mwalimu mmoja, A. C. Madan, yule aliyetunga kamusi za Kiswahili na Kiingereza, ambaye alifanya kitu ambacho sisi twakisifu kuliko kamusi zake. Aliwaambia wavulana waandike kwa mikono yao habari za maisha yao: walikozaliwa, jinsi walivyokamatwa, njia waliyopitishwa mpaka pwani. Habari hizo zikafasiriwa, zikapigwa chapa mwaka 1887 katika kitabu kilichoitwa jina la shule yenyewe, Kiungani. Hebu fikiri, ndugu mwalimu. Mtoto aliyeuzwa kwa vitambaa anaulizwa jambo ambalo mwalimu wake halijui, naye peke yake ndiye mwenye jibu. Hilo ni fundisho la mtoto mwenye akili. Halikumpa ugali ule ule mara ya pili, lilimpa shamba.

Lakini kwa kawaida haikuwa hivyo. Kwa kawaida mtoto hodari alipewa kazi badala ya kupewa elimu. Siku aliyojulikana kuwa amewapita wenzake, siku hiyo ndiyo aliyoacha kuwa mwanafunzi. Aliyoyajua yalimtosha kuwafundisha wadogo, na kwa kuwa yaliwatosha wadogo, ikadhaniwa yamemtosha naye. Mwalimu aliyetoka katika mtindo huo naye akaufuata, maana kila mtu hufundisha kama alivyofundishwa. Hivyo ndivyo tulivyorithi maarifa ya kumtambua mtoto mwepesi na kumtumia, bila ya maarifa ya kumlisha.

Hapa hatuna budi kujishitaki wenyewe kabla ya kuendelea. Miaka michache iliyopita tulikuwa na kipindi cha dini cha watoto. Tulikuwa tukifundisha habari za Nuhu, nao wakikariri majina. Binti mmoja wa miaka kama 11 akainua mkono, akasema amejumlisha. Methusela alipomzaa Lameki alikuwa na miaka 187. Lameki alipomzaa Nuhu alikuwa na miaka 182. Na gharika ilipokuja Nuhu alikuwa na miaka 600. Jumla yake ni 969, nayo ndiyo miaka yote ya Methusela. Basi akauliza: Methusela alikufa katika gharika pamoja na waovu, au alikufa kitandani mwake mwaka ule ule, kabla ya mvua? Sisi, tuliosoma sura ile mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu, hatukuwa tumejumlisha hata siku moja. Tukafanya nini? Tukamwambia asiwachanganye wenzake. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameyakariri majina yote, tukampa watoto wa chekechea akakae nao nje chini ya mwembe, awafundishe kuimba. Tulidhani tumempa heshima. Tutamrudia binti huyu mwishoni.

Wakati wa Kiungani wako walioona kwamba mezani hakuna chakula cha kuwatosha, wakaondoka. Martin Kayamba, ambaye watu wa Bonde humhesabu kuwa wao, alizaliwa Mbweni katika Unguja mwaka 1891, mwana wa Hugh Kayamba, aliyekuwa amepata kusoma Uingereza. Alisoma Kiungani, na mwaka 1906 akavuka kwenda Mombasa kutafuta kazi. Akawa karani, na baadaye karani mkubwa Tanga. Mwaka 1922 alianzisha huko chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Na mwaka 1931 alipelekwa London kutoa ushahidi mbele ya wakuu wa Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Safari ile aliiandikia kitabu kwa Kiswahili. Mshahara wa karani ulikuwa mkubwa kuliko wa mwalimu wa Misioni, na hiyo ni sababu ya kweli. Hata hivyo twadhani fedha peke yake haikuwavuta vijana wa namna yake. Katika ofisi kulikuwa na barua ambazo majibu yake hayakujulikana jana. Katika shule ya kijijini kulikuwa na ubao ule ule na silabi zile zile, mwaka hata mwaka.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka katika nchi zetu kutazama shule, na ndani yake alikuwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Watu wakastaajabu kumwona Mwafrika mwenye elimu ile. Tume ikasema kwamba elimu ya vitabu peke yake haifai. Mwalimu na afundishwe mambo ya afya, kilimo, nyumba na mashamba, ili aifaidie jamii nzima. Mwaka 1925 kikafunguliwa chuo cha Jeanes huko Kabete katika Kenya, ambako waalimu walifundishwa pamoja na wake zao, kisha wakatembelea shule za vijijini kuziamsha. Mwaka huo huo St. Andrew's College iliondoka Kiungani ikaja Minaki, karibu na Kisarawe. Mambo haya yalikuwa mema, nasi tumekula matunda yake hata katika vyoo vya shule zetu. Lakini mwalimu aliyefunzwa hivyo alifunzwa kukitazama kijiji kizima. Mtoto mmoja aliyekizidi kijiji alionekana kama hatari: huenda akaharibika, akajivuna, akaukataa jembe.

Ajabu ni hii, kwamba katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alikosoma Aggrey mwenyewe, alikuwako wakati ule mwanamke mmoja, Leta Hollingworth, aliyekuwa akilitazama shauri hili kwa upande mwingine. Alifundisha katika chuo cha waalimu cha pale. Mwaka 1922 alianza kufuatia madarasa ya watoto wenye akili nyingi katika shule ya mji, na mwaka 1926 akatoa kitabu juu yao. Akaona kwamba mtoto wa namna hii hupoteza kama nusu ya siku yake ya shule akingoja wenzake, na aliyezidi sana huipoteza karibu yote. Na katika kungoja huko hujifunza uvivu, au kiburi, au kunyamaza. Mwaka 1936 alisaidia kufungua madarasa katika Speyer School. Humo masomo ya kawaida yalichukua sehemu ya siku, na sehemu nyingine watoto walichunguza wenyewe asili ya vitu vya kila siku, chakula, nguo, taa, nyumba, wakienda kutafuta habari na kurudi kuwaeleza wenzao. Mwalimu alifunzwa kukaa bila ya jibu. Twakiri kwamba Hollingworth alikuwa na vitabu vingi na fedha, na watoto wake walichaguliwa kwa mizani ya akili ambayo wengi wameitilia shaka tangu hapo, maana hupima pia nyumba alikotoka mtoto. Lakini kukaa bila ya jibu hakuhitaji fedha.

Baada ya uhuru nchi ilikuwa na haja kubwa kuliko hii. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea, akionya kwamba shule zisiwatenge wachache na kuwaacha wengi. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu, aliyefundisha Tabora, naye alijua asemalo. Kisha azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto asome. Waalimu wangetoka wapi? Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundisha sehemu ya siku na kufundishwa sehemu nyingine, kule kule vijijini. Msomaji amekwisha kutambua: ni Kiungani imerudi. Baadhi yetu tulifundishwa na waalimu hao, nasi hatutawasema vibaya. Walitufundisha kusoma wakiwa na kitabu kimoja kwa watoto wanane. Ila mtoto aliyeuliza swali la nje ya kitabu alikuwa amemvua mwalimu wake nguo hadharani, na mtu aliyevuliwa nguo hupiga.

Na sasa tuje katika milima ya Usambara, maana jambo kubwa kuliko yote ya namna hii katika nchi yetu lilianza karibu nasi. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwako kijana wa kidato cha tatu, Erasto Mpemba. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyaweka katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba. Siku moja mwenzake mmoja hakuchemsha maziwa yake, akayatia baridi upesi ili asikose nafasi. Mpemba, kwa kuhofia kukosa, akayatia ya kwake yakiwa moto. Baada ya saa moja na nusu wakaangalia: maziwa ya Mpemba yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Akauliza wauzaji wa aiskrimu Tanga, akakuta nao huyatia maziwa yakiwa moto kwa kuwa huganda upesi. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, mwalimu akafundisha kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, na Mpemba akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likacheka, na tangu siku hiyo kila alipokosea jambo walimtania kwa maneno hayo.

Hatumtaji mwalimu yule, wala hatumwoni kuwa mtu mbaya. Twamwona kuwa ni sisi. Alikuwa amefundishwa kanuni, akafundishwa jinsi ya kuieleza kanuni, akafundishwa jinsi ya kumtahini mwanafunzi katika kanuni. Hapana mtu aliyemfundisha la kufanya endapo mtoto ataleta kitu kilichoonekana kwa macho kisichopatana na kanuni.

Kisha akaja Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi wa Mkwawa. Mpemba akasimama mbele ya watu wote, akauliza kwa nini maji ya digrii 100 yakiwekwa katika jokofu pamoja na maji ya digrii 35, ujazo ukiwa sawa, yale ya digrii 100 huganda kwanza. Wenzake wakacheka na kuona haya kwa ajili yake. Osborne naye moyoni alidhani kijana amekosea, lakini hakumwambia hivyo. Alimwuliza kama ni kweli amelifanya, akaahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaleta habari kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila asiwe na wasiwasi, ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Maneno haya twayapenda sana. Humo imo picha ya chuo chetu chote cha waalimu. Mwaka 1969 Osborne na Mpemba waliandika pamoja katika jarida la waalimu wa fizikia, na tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani pote. Aristoteli alikuwa amelitaja zamani za kale. Wataalamu hata sasa hawajapatana. Mwaka 2016 wako waliopima upya wakasema hawalioni. Hilo halipunguzi neno letu, maana hata aliyepima na asione, alipima.

Mpemba mwenyewe hakuwa mtaalamu wa fizikia. Wakati makala ile ilipotoka alikuwa akisoma chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na kazi yake ikawa katika mambo ya wanyama. Wako watakaosema ni heri, wanyama nao wana haja ya watu wenye macho. Sisi twabaki na swali, je, yule aliyeuliza mara tatu angeuliza mangapi mengine, kama mara ya kwanza angaliambiwa: nenda ukajaribu, nami nitakuja kuona?

Siku hizi ziko shule za sekondari za vipaji maalumu, Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Tabora, Kilakala, Msalato na wenzake, na watoto huingia kwa alama zao za mtihani. Ni jambo la kushukuru. Lakini alama huonyesha aliyejibu vema swali la mtu mwingine. Tena mtoto hufika huko akiwa amekwisha kukaa miaka 7 mbele ya mwalimu wa kijijini, na katika miaka 7 mtoto aweza kujifunza kunyamaza kabisa. Katika semina zetu za waalimu wa dini na wa shule, ambazo tumehudhuria si chache, tumefundishwa kuandaa somo, kutunza daftari la mahudhurio, kuwasaidia wenye shida ya macho na masikio. Hatujapata kufundishwa hata kwa saa moja namna ya kumjibu anayetuzidi.

Yule binti wa Methusela tulimwendea mwaka uliofuata, baada ya kuyasoma mambo ya Mpemba katika kitabu cha mwanetu. Tulimwomba radhi mbele ya mama yake, jambo lililomshangaza mama kuliko mtoto. Tukaketi naye, tukajumlisha tena, ikawa 969. Kwa habari ya kitanda au gharika tulimwambia kweli, kwamba Maandiko hayasemi, na kwamba hatujui. Alifurahi mno, tukashindwa kuelewa kwa nini. Sasa yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita alileta karatasi nne alizozigawa kwa mistari, miaka ya wafalme wa Yuda upande mmoja na ya wafalme wa Israeli upande wa pili, akasema hazilingani, na ametafuta kosa katika hesabu zake asilione. Tulizitazama pamoja naye mpaka taa ikapungua mafuta. Kisha tukampeleka kwa Padre, naye akasema amwachie karatasi wiki moja. Padre bado anazo.